Mhadhiri Aitwe Kabla ya Zabuni

Mwaka 1995 Murray Goldberg, mhadhiri wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alikuwa na swali la darasani: je, wanafunzi wake wangeelewa zaidi iwapo sehemu ya somo ingewekwa kwenye tovuti? Alipoanza kujaribu alikuta kwamba kutengeneza kurasa za somo moja kunakula muda mwingi mno, akaandika programu ya kumpunguzia kazi hiyo. Ndiyo WebCT. Miaka michache baadaye, mjini Perth, Australia, Martin Dougiamas alikuwa akiisimamia WebCT hiyohiyo katika Chuo Kikuu cha Curtin, na hakuridhika nayo. Akaanza kujenga yake. Toleo la kwanza la Moodle lilitoka tarehe 20 Agosti 2002, huru kwa yeyote kulitumia, kulichungulia ndani na kulibadili. Nako Ujerumani, Chuo Kikuu cha Cologne kilikuwa tayari kimezindua ILIAS mwaka 1998, kazi iliyoanzia katika kitivo chake cha biashara, uchumi na sayansi za jamii. Hata Blackboard, ambayo wengi waliijua kama kampuni kubwa ya Washington, ilikua mwaka 1998 kwa kuungana na kikundi kidogo kilichotoka Chuo Kikuu cha Cornell.

Programu za kufundishia mtandaoni, basi, zilizaliwa vyuoni, jirani kabisa na darasa. Jambo hilo husahaulika upesi katika vikao vya bajeti, ambako programu hizi huzungumzwa kama jenereta: chuo kinanunua, fundi anafunga, mhadhiri anaoneshwa swichi. Usahaulifu huo una sababu zake. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Blackboard ilikamilisha kuinunua WebCT, na miezi michache baadaye ikaishtaki mahakamani kampuni ya Kanada, Desire2Learn, ikidai kwamba njia za msingi za kuendesha somo mtandaoni zimo ndani ya hataza yake. Mahakama ya rufaa ilibatilisha madai ya hataza hiyo mwaka 2009, lakini dunia ilikuwa imekwisha kubadilika. Kitu kilichoanza kama chombo cha mwalimu kilikuwa kimekuwa bidhaa yenye wanasheria, mawakala na ankara za kila mwaka.

Tangu hapo vyuo vimekuwa vikiulizana: mwalimu ana nafasi gani katika kuchagua? Nadhani swali lenye uzito zaidi ni la wakati. Mhadhiri akiitwa wakati mahitaji yanaandikwa, anachagua. Akiitwa siku ya mafunzo, anapokea. Nimezitazama mila tatu za nje, ya Marekani, ya Ujerumani na ya nchi za Nordic, nikiziweka kando ya yetu ya Afrika Mashariki, na katika kila moja nimetafuta saa ile ambayo mlango unafunguliwa kwa anayefundisha.

Marekani mlango huo una msingi wa maandishi. Chama cha maprofesa wa vyuo vikuu, AAUP, kilichoundwa mwaka 1915, kilitoa mwaka 1966 tamko kuhusu uongozi wa vyuo, kikishirikiana na vyombo vya wakuu wa vyuo na vya mabaraza ya udhamini. Tamko linawapa wanataaluma wajibu wa kwanza katika mtaala, maudhui na njia za kufundishia. Halina nguvu ya sheria ya nchi, lakini vyuo vingi vimeuingiza moyo wake ndani ya kanuni zao, na mhadhiri wa huko hukua akijua kwamba njia ya kufundisha ni eneo lake.

Aprili 2013 ilionesha maana yake. Mwaka mmoja kabla, Harvard na MIT walikuwa wameanzisha edX, jukwaa la kozi za mtandaoni zilizo wazi kwa dunia nzima, na magazeti yalikuwa yakitabiri kifo cha ukumbi wa mihadhara. Amherst, chuo kidogo cha Massachusetts chenye sifa ya madarasa ya watu wachache, kilialikwa kujiunga. Wanataaluma wake walijadili, kisha wakapiga kura: 70 walikataa, 36 walikubali. Mwezi huohuo baraza la wanataaluma wa sanaa na sayansi katika Chuo Kikuu cha Duke lilikataa, kwa kura 16 dhidi ya 14, mpango wa kozi za mtandaoni za pamoja na kampuni ya 2U. Na siku za mwisho za mwezi, idara ya falsafa ya San José State, chuo cha umma cha California, iliandika barua ya wazi kwa Michael Sandel wa Harvard kueleza kwa nini haitatumia kozi yake ya haki iliyorekodiwa kwa ajili ya edX. Waliandika kwa heshima, lakini hoja yao ilikuwa kali: ikiwa idara zote za falsafa nchini zitacheza rekodi moja ya mtu mmoja, mjadala wa haki utakuwa na sauti moja, na mwanafunzi wa chuo maskini atabaki akiwatazama wanafunzi wa chuo tajiri wakijadiliana na mwalimu wao.

San José State yenyewe ilikuwa imeingia ubia na kampuni ya kozi za mtandaoni ya Udacity mwezi Januari kufundisha kozi za awali za hisabati na takwimu. Kufikia Julai majaribio yalisimamishwa, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi walikuwa wamefeli mitihani ya mwisho. Wanafalsafa wale walikuwa wakisema jambo ambalo mtu anayekaa na mwanafunzi kila wiki analijua, na ambalo mkataba hauwezi kulijua.

Naiheshimu mila hii, lakini naona mipaka yake. Kura huhitaji jambo kubwa lililo wazi, lenye jina na tarehe. Uamuzi wa kila siku, kama vile mwanafunzi ataweka wapi insha yake au nani ataona alama kabla hazijathibitishwa, mara nyingi haufiki barazani. Huishia katika kamati ya TEHAMA yenye wahadhiri wachache na katika dodoso ambalo watu hulijaza haraka kati ya vipindi viwili. Tena wengi wanaofundisha vyuo vya Marekani leo ni wa mikataba ya muda, na katika vyuo vingi sauti yao barazani ni ndogo au haipo. Hao ndio mara nyingi wanaobeba madarasa ya mwaka wa kwanza na ya mtandaoni, na maprofesa wa kudumu hupiga kura kwa niaba yao.

Ujerumani inakwenda kwa njia nyingine. Uhuru wa kufundisha umo katika Katiba ya mwaka 1949, ibara ya 5, na mwaka 1973 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba katika vyombo vya chuo vinavyogusa ufundishaji na utafiti, maprofesa lazima wawe na sauti yenye uzito wa kuamua. Lakini kipande cha mila ya Kijerumani kinachonivutia zaidi kwa habari ya programu hakitoki chuoni. Kinatoka kiwandani. Sheria ya mabaraza ya wafanyakazi ya mwaka 1972, kifungu cha 87, inasema mwajiri hawezi kuingiza chombo cha kiufundi cha kufuatilia mwenendo au utendaji wa wafanyakazi bila kukubaliana na baraza lao. Mahakama zimeshikilia kwamba inatosha chombo kiwe na uwezo huo, hata kama mwajiri hana nia ya kuutumia. Vyuo vya umma viko chini ya sheria nyingine za majimbo, nazo zina kanuni inayofanana na hiyo.

Sasa fikiria programu ya kufundishia inavyofanya kazi. Kila anayeingia ameandikwa: saa aliyoingia, ukurasa aliofungua, alikaa kwa muda gani. Tunapenda kusema kumbukumbu hizo ni za wanafunzi, lakini za mwalimu zimo pia: lini alisahihisha, baada ya siku ngapi alijibu swali, usiku gani hakuonekana. Kwa Mjerumani hilo linatosha kuliita baraza mezani kabla programu haijawashwa. Chuo na baraza huandikiana makubaliano kuhusu nani atasoma kumbukumbu, zitatunzwa kwa muda gani, na kwamba hazitatumika kumpima mtu kazini.

Ni kinga imara, lakini nyembamba. Katika majimbo mengi maprofesa wenyewe hawamo katika mabaraza hayo. Wamo wahadhiri wasaidizi na watumishi. Halafu, baraza linaweza kuzuia programu kwa sababu inachungulia, lakini halina pa kusimama likisema programu hiyo inafundisha vibaya. Haki ya kukataa hulinda mtu. Hiyo peke yake haiboreshi chombo.

Mila ya Nordic inaanza na watu wa vyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norwei kilikuwa na wasiwasi kwamba kompyuta zinaingia viwandani na wanachama wake hawajui hata la kuuliza. Kikamwendea Kristen Nygaard, mwanasayansi wa kompyuta aliyebuni lugha ya Simula pamoja na Ole-Johan Dahl. Mpango wa kwanza ulikuwa wa kawaida: watafiti wachunguze, waandike ripoti. Katikati ya safari waliubadili. Walikubaliana kwamba matokeo ya mradi yatakuwa yale ambayo wafanyakazi wenyewe watafanya viwandani mwao, na ripoti za watafiti zihesabiwe kuwa msaada tu. Wafanyakazi walikaa wakasoma, vitabu vya kufundishia vikaandikwa kwa lugha yao ya kazi, na wakachaguliwa wawakilishi maalumu wa masuala ya data. Mwaka 1975 yalifikiwa makubaliano ya kitaifa kati ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi na lile la waajiri kuhusu mifumo ya kompyuta. Mwaka 1977 Sheria ya Mazingira ya Kazi ikaweka haki ya wafanyakazi kuelezwa mifumo inayopanga na kuendesha kazi yao, kupewa mafunzo ya kuielewa, na kushiriki kuiunda.

Kisha kuanzia 1981 hadi 1985 ukaja mradi wa UTOPIA, watafiti wa Sweden na Denmark wakifanya kazi na vyama vya wafanyakazi wa uchapaji wa nchi za Nordic. Kompyuta za kupanga kurasa za magazeti zilikuwa hazijafikia pale walipotaka zifike. Kwa hiyo watafiti na wachapaji walitengeneza mifano ya mbao nyembamba na karatasi ngumu: kioo cha bandia, vifaa vya bandia vya mkononi. Mchapaji alisimama mbele ya mfano huo akafanya kazi yake kama kawaida, na kila mkono ulipokwama mfano ulibadilishwa papo hapo.

Hapa ndipo nilipojifunza mengi zaidi. Mtu mwenye ujuzi wa mikono anajua mambo ambayo hawezi kuyataja akiulizwa kwa maneno, ila huyatambua akiguswa na kazi yenyewe. Mhadhiri ni mtu wa namna hiyo. Ukimpa dodoso linalouliza ni huduma zipi angependa kwenye programu, atataja zile alizozisikia. Mpe programu yenyewe, na somo lake la wiki ijayo, na wanafunzi wake halisi, na baada ya siku chache atakwambia kwamba sehemu ya kusahihishia inamlazimisha kufungua kurasa nne kwa kila mwanafunzi, na kwa darasa la watu 600 hilo ni usiku mzima. Hakuna mzabuni atakayeonesha hilo katika maonesho yake ya dakika 40.

Mila hii nayo ina gharama, na gharama yake kubwa ni muda. Mafundi wa Norwei walipewa nafasi ya kusoma kwanza, ndipo wakaulizwa. Nchi na vyuo vinavyotaka ushirikishwaji bila kutenga muda wa kujifunza vinapata saini kwenye karatasi ya mahudhurio, basi.

Kwetu habari ilianza kwa satelaiti. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, maarufu kama AVU, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Mihadhara ya maprofesa wa Marekani Kaskazini na Ulaya ilirushwa hadi kumbi zetu, na mwalimu wa hapa alikaa chumbani kuongoza mjadala baada ya picha kuzimwa. Mwaka 2002 makao ya AVU yalihamia Nairobi, na kazi yake ikabadilika, lakini picha ile ya kwanza ni ya kukumbukwa: somo lilikuwa limeandaliwa mbali, chombo kilikuwa kimechaguliwa mbali, na mhadhiri wa Afrika alikuwa mwenyeji wa mgeni asiyemwalika.

Zikafuata programu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitumia WebCT na Blackboard kabla ya kuhamia Moodle mwishoni mwa miaka ya 2000. Makerere ilipita Blackboard na KEWL kabla ya kutulia kwenye Moodle, ambayo wanaiita MUELE. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kiko kwenye Moodle, kama vilivyo vyuo vingi vya ukanda huu.

Hiyo KEWL inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Iliandikwa katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, chini ya Derek Keats, na toleo lake la pili lilijengwa na mtandao wa vyuo vya Afrika uliojulikana kama AVOIR. Waandishi wa programu walikuwa vijana wa vyuo vyetu, na waliotakiwa kuitumia walikuwa walimu wa vyuo hivyohivyo. Nairobi nako walijenga mfumo wao juu ya kazi hiyo. KEWL haikudumu kama Moodle ilivyodumu. Jumuiya ndogo ya waandishi ilikuwa ikibeba mzigo ambao Moodle ilikuwa na dunia nzima ya kuubeba. Hata hivyo, kwa miaka michache Afrika ilikuwa na programu ambayo mhadhiri angeweza kumfuata mwandishi wake kwenye jengo la pili na kumwambia kilichoharibika.

Ndipo ikaja Moodle, na pamoja nayo jambo ambalo halijasemwa vya kutosha. Moodle haina ada ya leseni. Kwa hiyo katika vyuo vingi haikuhitaji zabuni, na kwa kuwa haikuhitaji zabuni haikuhitaji kikao. Iliwekwa kwenye seva, ikapewa nembo ya chuo, na tangazo likatoka. Uhuru wa programu, ambao Dougiamas alikusudia umpe mwalimu nafasi ya kubadili chombo chake, kwetu umegeuka kuwa njia ya kumruka mwalimu. Ni hasara ya kusikitisha, maana uwezo wa kubadili upo palepale: vipengele vya nyongeza, mpangilio wa kurasa, namna ya kuwasilisha kazi, hata tafsiri ya Kiswahili inayoandikwa na wanaojitolea na ambayo bado haijakamilika. Ni idara ngapi za Kiswahili zimewahi kuulizwa kama zingependa kuimalizia?

Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, mapungufu haya yalitoka nje. Mifumo ilikuwepo, lakini katika masomo mengi ilikuwa rafu ya kuwekea slaidi na faili za PDF. Mazungumzo halisi ya darasa yalikuwa WhatsApp, kwenye kundi lililofunguliwa na kiongozi wa darasa, na mhadhiri ameingizwa kama mgeni. Wakubwa wengi walilisoma hilo kama uvivu wa walimu au ugumu wa wazee kujifunza. Mimi nalisoma kama kura. Walimu na wanafunzi walichagua chombo kinachofunguka kwenye simu, kinachopatikana kwa bando la bei nafuu, kinachovumilia mtandao unaokatika, na ambacho ujumbe wake hubaki kwenye simu hata data ikiisha. Kila mhadhiri wa mwaka wa kwanza anayajua mahitaji hayo. Kama angekaa kwenye meza inayoandika sifa za mfumo, yangekuwa mstari wa kwanza. Moodle ina programu ya simu inayoruhusu kupakua somo na kulisoma bila mtandao. Lakini anayelijua hilo ni mtu wa seva, na anayelihitaji ni mwalimu, nao hawajakutanishwa.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni ya haki. Wakurugenzi wa TEHAMA husema: ukiwaita wahadhiri wote, kila mmoja atataka programu yake, na chuo kitakaa miaka miwili bila uamuzi. Wana ushahidi wa kuogopa. Cambridge, chuo ambacho wanataaluma wake wana bunge lao kongwe, kiliwasha mfumo mpya wa fedha mwaka 2000, ukaleta vurugu na hasara ya mamilioni ya pauni. Ripoti ya Anthony Finkelstein na Michael Shattock ya mwaka 2001 ilikuta kwamba watumiaji hawakusikilizwa vya kutosha, na pia kwamba mamlaka yaliyotawanyika yalifanya asiwepo mtu wa kuwajibika. Mambo yote mawili yalikwenda pamoja. Wingi wa mabaraza haukuwa dawa ya kutosikiliza.

Ndiyo maana sidai mkutano mkubwa. Nadai nafasi iliyokwisha kuandikwa. Sheria zetu za ununuzi wa umma, ya Kenya ya mwaka 2015, na ya Tanzania ya mwaka 2023 iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2011, zinaitambua idara tumizi, yaani ile itakayotumia kinachonunuliwa, na kuipa kazi katika kueleza mahitaji. Linalobaki ni kukubaliana ni idara gani inayotumia programu ya kufundishia. Kwa mazoea imekuwa kurugenzi ya TEHAMA, kwa sababu ndiyo inayoshika seva. Lakini kurugenzi haifundishi. Idara tumizi ya programu ya kufundishia ni idara zinazofundisha: fizikia inayohitaji kuandika milinganyo, sheria inayohitaji hifadhi ya kesi, Kiswahili inayohitaji kusikiliza rekodi za masimulizi, na zile kozi za pamoja za chuo kizima ambazo madarasa yake hayaenei katika ukumbi wowote. Mahitaji yakiandikwa na hao, TEHAMA ikatoa ushauri wa usalama na uwezo wa seva, bodi ya zabuni inapata hati inayojua inachotafuta.

Wala hatuanzi bila urithi wetu wenyewe. Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya Tanzania zilitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na Novemba mwaka huohuo likafuata Azimio la Kampala. Waliokaa kuyaandika walikuwa wakifikiria dola, polisi na kufukuzwa kwa wahadhiri. Leo sehemu ya uhuru ule inaamuliwa na mipangilio ya programu: kama mwalimu anaweza kufungua somo lake kwa wasikilizaji wa nje, kama mkubwa fulani anaweza kuingia darasani kimyakimya akasoma mjadala wa siasa, kama maelezo aliyoyaandika kwa miaka kumi atayatoa akihama. Jumuiya za wanataaluma, UDASA ya Dar es Salaam, MUASA ya Makerere na UASU ya Kenya, zimepigania mishahara na malimbikizo, na zina haki. Sioni kwa nini mipangilio hii isiwe kwenye ajenda ileile.

Nikiulizwa kipi tuchukue kwanza kutoka kwa wenzetu, nitasema cha Norwei. Kura ya Kimarekani tunayo kwa kiasi: seneti zetu zipo kisheria, na kazi yao ni masuala ya taaluma. Lakini seneti inayopewa hati nene asubuhi ya kikao hupigia kura jambo isilolijua. Tuanze na maarifa. Chuo kiteue wahadhiri wachache kutoka ndaki zenye mahitaji tofauti, wakiwamo wahadhiri wasaidizi na wa mikataba ambao ndio wenye mzigo mkubwa wa kusahihisha, kiwapunguzie vipindi kwa muhula mmoja, na kiwape programu mbili au tatu wazifundishie masomo yao halisi. Wafundishe wakitumia simu ya kawaida na bando ambalo mwanafunzi hununua, nje ya mtandao wa kasi wa jengo la utawala. Watakayoyaona yawe ndiyo hati ya mahitaji.

Baada ya hapo tuchukue ya Ujerumani, na hii haigharimu chochote. Uganda na Kenya zina sheria za ulinzi wa data binafsi tangu 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika mwaka 2023. Makubaliano mafupi kati ya chuo na jumuiya ya wanataaluma yanaweza kusema nani anaona kumbukumbu za mwalimu na kwamba hazitatumika kumpandisha au kumnyima cheo. Ni rahisi kuyaandika kabla mfumo haujawashwa. Baadaye, taarifa zikishazoeleka mezani kwa wakubwa, hakuna atakayekubali kuziachia.

Na katika mkataba wowote kiwemo kifungu cha kuondoka. Kutoka WebCT hadi Blackboard hadi Moodle, kila uhamisho umemrudishia mhadhiri kazi ya kupakia upya somo, kupanga upya maswali na kuwafundisha wanafunzi njia mpya ya kuingia, na kazi hiyo haijahesabiwa katika bajeti yoyote. Mzabuni aoneshe, mbele ya wahadhiri, somo zima likitoka katika mfumo wake na kufunguka katika mfumo mwingine. Akishindwa, asipewe zabuni.

Kwa mhadhiri anayesoma haya: barua ya kukualika kwenye mafunzo ya mfumo mpya ikifika mezani kwako, nenda mafunzoni, lakini kabla hujasaini karatasi ya mahudhurio omba kuiona hati ya mahitaji. Uliza iliandikwa lini, na idara gani inayofundisha iliyoitia saini. Kama hakuna, lipeleke jambo hilo kwenye kikao cha idara wiki hiyohiyo, kwa maandishi, na nakala iende kwa rasi wa ndaki na kwa jumuiya yenu.